Viungo Vinane vya Fremu

Jumapili, 5 Aprili 2009. Sherikat, Juba.

Leo ni miezi saba na siku kumi na moja tangu nitoke kwetu Kimilili, Kenya. Nimenunua daftari hili soko la Konyo Konyo kwa sababu nina maneno ambayo sina wa kumwambia. Niliishia darasa la sita, lakini kuandika naweza.

Nianze na kubwa. Yadi iliyo karibu na yangu ni ya Mganda mmoja, fundi wa kuchomelea kama mimi. Anaitwa Apollo. Mwezi wa pili tulitengeneza pamoja mkono wa trela la maji, lile linalovutwa na trekta kutoka mtoni. Upande wa kulia nilichomelea mimi, wa kushoto yeye. Siku ya nne upande wa kushoto uliachia barabarani, trela likamgonga mtu aitwaye Paulino na kumvunja mguu. Ndugu zake walikuja na fimbo wakiuliza ni kazi ya nani. Apollo alininyooshea kidole. Kidole tu.

Nilikaa siku tisa ndani ya kontena la polisi, bati likichemka juu ya kichwa changu. Nilipotoka, hakuna mwenye gari aliyenitaka tena. Sasa nachomelea vitanda na madirisha. Matrela na matangi yote yanakwenda kwake.

Paulino amepona, anatembea kwa gongo. Mimi sijapona.

Nilikuwa nimemwambia mke wangu Nasimiyu kwamba nitarudi mwezi huu. Sirudi. Sirudi mpaka nimwone Apollo amesimama mbele ya watu na aibu yake usoni.

Jumanne, 7 Aprili.

Mvua. Vitanda viwili.

Jumamosi, 11 Aprili.

Amekuja mtu anaitwa Lual, dereva wa shirika moja la misaada, mrefu, wa miaka kama thelathini. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akasomea Eldoret, kwa hiyo anaongea kama mtu wa kwetu.

"Sasa, fundi. Wewe ni wa Bungoma ama Kitale?"

"Kimilili."

"Basi tuko nyumbani." Akakunjua ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la magari. Ilikuwa picha ya gari fupi, limelala chini, magurudumu nje, injini wazi, halina boneti wala madigadi.

"Hii ni gari au ni ajali?" nikamwuliza.

"Hii, mzee, ni gari imevua shati. Wazungu huziunda kwao uani. Nataka kuunda yangu. Nina injini ya pikapu, giaboksi na ekseli mbili. Fremu ndiyo sina. Unifunze."

"Umesikia wanavyosema juu yangu?"

"Nimesikia. Lakini ni wewe peke yako hapa unaongea Kiswahili chenye naelewa."

Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho.

Jumapili, 12 Aprili.

Pasaka. Sikwenda kanisani kwa sababu Apollo anaimba kwaya.

Alhamisi, 16 Aprili.

Nimemwandikia Lual vitu anavyohitaji, na navinakili hapa kwa sababu niliviandika vizuri. Nilimwambia kitu cha kwanza si mashine ya kuchomelea. Cha kwanza ni mahali palipo sawa, kwa kuwa fremu hufuata mahali ilipozaliwa. Atafute vyuma vinne vizito vilivyonyooka, avilaze juu ya mawe, avisawazishe kwa mpira mwembamba wa maji, ule unaoona maji ndani. Asiiamini ardhi ya Juba hata siku moja, mvua moja tu nayo imehama.

Futi ya kupimia iwe moja. Futi mbili za sokoni hazikubaliani, na ukipima mbele kwa hii na nyuma kwa ile utapata gari linalokwenda kando kama kaa. Skwea, chaki, uzi, timazi. Klampu sita, nane zikipatikana, kwa kuwa chuma kikipata moto kinataka kuondoka, na klampu ndiyo inakikataza. Grainda na mawe yake, jembamba la kukata na nene la kusaga. Nyundo ya kugongea magamba, brashi ya waya, glavu za ngozi. Kioo cheusi cha kuvaa, si miwani ya jua. Nimemwona Apollo akimwonyesha mtu miwani ya jua.

Bomba za boksi, inchi nne kwa mbili, zisiwe nyembamba. Mbili ndefu za pembeni, nne za kukatiza katikati. Kila bomba la katikati linashika pande mbili, kwa hiyo viungo ni vinane. Nilimwambia: "Uhai wako utakaa juu ya viungo hivi vinane. Vingine vyote ni mapambo."

Na vijiti vya kuchomelea vikae pakavu. Msimu huu wa mvua avikaushe juu ya jiko kabla ya kazi. Kijiti chenye unyevu kinatoa mshono wenye matundu ndani kama mkate, na juu huoni kitu. Naamini ndivyo trela lilivyoachia.

Jumatano, 22 Aprili.

Lual amekodi nafasi nyuma ya kibanda cha Namukasa, kilicho kati ya yadi yangu na ya Apollo. Namukasa anapika posho, yaani ugali wa kwao, na maharagwe. Ni dada yake Apollo, baba mmoja mama mmoja, lakini chakula chake nakula. Tumbo halina ugomvi na mtu.

Jumanne, 28 Aprili.

Nilimwambia Lual ashikize kila kiungo kwa nukta ndogo nne, kisha apime kutoka pembe hadi pembe, apime tena pembe za upande mwingine, vipimo viwili vikilingana ndipo aniite. Badala yake, mimi nikiwa sokoni, alichomelea upande mmoja wote, moja kwa moja, kwa furaha. Nilipofika fremu ilikuwa imejipinda kama ngozi iliyoanikwa.

Apollo alikuwa ameegemea ua akila karanga. "Mukenya! Hiyo iko gari ama iko kitanda ya mulevi?"

Madereva waliokuwa wakinywa chai kwa Namukasa wakacheka wote. Lual naye akacheka. Mimi niliwasha grainda nisiwasikie, nikakata kila kitu.

"Pole, mzee," Lual akasema. "Niliona inashika vizuri, nikashindwa kuacha."

"Chuma ni kama mgomvi," nilimwambia. "Ukimchoma upande mmoja anageuka. Mchome huku kidogo, uende kule kidogo, umwache apoe."

Maneno hayo nilimwambia Lual lakini nilikuwa namwangalia Apollo.

Ijumaa, 15 Mei.

Mvua siku nne mfululizo. Vipimo vya pembe vimelingana. Lual ameruka kama mtoto.

Jumatatu, 1 Juni.

Nimekasirika sana.

Lual anapelekwa Bor na kazi yake kwa wiki sita. Anataka akirudi fremu iwe imekwisha, na leo asubuhi ameniambia viungo vinne nichomelee mimi na vinne achomelee Apollo.

"Kwa nini yeye?"

Alitazama viatu vyake. "Watu wanaongea, mzee. Wengine wanasema wewe ndiye ulivunja trela, wengine wanasema yeye. Mimi sikuwa hapa. Nikiwachukua wote wawili, kila mmoja atafanya vizuri kwa sababu mwenzake anaangalia."

"Nani alikufunza hesabu hiyo?"

"Nimeishi kambini miaka kumi na tatu," alisema. "Hesabu za watu wawili wasiopendana nazijua."

Nilitaka kukataa. Kisha wazo likanijia, likatulia ndani kama mtu aliyefika kwake. Apollo na vijiti vyake vya mvua. Viungo vinne. Nikasema sawa.

Tumepatana kupitia Namukasa, kwa sababu mimi na Apollo hatusemezani. Asubuhi ni yangu, alasiri ni yake. Tutagawana kila bomba, mimi ncha moja, yeye ncha nyingine.

Jumatano, 10 Juni.

Leo nimeona boksi la vijiti la Apollo liko wazi kando ya uzio wangu na mvua inaingia ndani. Ningeweza kulisogeza, mkono ungefika. Nilisimama chini ya bati langu nikalitazama likilowa mpaka mvua ilipokatika. Chai ya leo ilikuwa tamu.

Alhamisi, 11 Juni.

Nimemaliza kiungo cha mbele kushoto. Apollo alikuja mapema, akakaa kwa dada yake akipiga mluzi wimbo wa kwaya, nami nikawa nachomelea huku namsikiliza. Nilimaliza haraka ili nisimsikie.

Jumanne, 23 Juni.

Viungo vyangu vimekwisha. Vyake vimebaki viwili.

Jumapili, 5 Julai.

Nasimiyu amepiga simu. Mtoto wetu wa pili ameanza kusoma vitabu vyenye sura. Ameuliza nitarudi lini. Nimesema karibu.

Jumatatu, 13 Julai.

Lual amerudi na homa, lakini alikwenda kuiona fremu kabla ya kwenda nyumbani. Alivishikashika viungo kama mtu anayenunua ng'ombe. Juu, vyote vinapendeza. Nikamwambia kupendeza si kitu, kuna jaribio nililojifunza Webuye tulipokuwa tunatengeneza matangi. Unapaka chaki nje ya mshono, unatia mafuta ya taa ndani. Mafuta ya taa yanapenya mahali ambapo maji hayapiti. Mshono ukiwa na tundu hata la sindano, chaki inaota doa.

"Tufanye Jumamosi," nikamwambia, "na uite watu. Waite madereva wa matrela wote. Na mafundi wote wawili wawepo."

"Mbona watu?"

"Ili wasiseme tumeficha."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwema.

Jumamosi, 18 Julai.

Nitaandika yote, hata yasiyonipendeza.

Walikuja watu kama thelathini. Namukasa aliuza chai mpaka sukari ikaisha. Nilikuwa nimetoboa tundu dogo juu ya kila bomba la katikati. Nilisaga chaki kwenye maji, nikapaka viungo vyote vinane, jua likakausha mara moja, vikawa vyeupe kama meno. Apollo alisimama upande wa pili amekunja mikono. Nilimtazama, naye akatazama chaki.

Tulimimina mafuta ya taa, tukaziba matundu kwa vitambaa. Tuliinua fremu watu sita, tukailaza upande wa Apollo kwanza. Tukasubiri. Dereva mmoja, Santino, mwenye trela lile lile lililomvunja Paulino mguu, alichuchumaa karibu kabisa na kiungo cha nyuma kulia. Nusu saa. Viungo vinne vya Apollo vikabaki vyeupe.

Sikuamini. Nilipita nikinusa kila kimoja. Vyeupe.

"Kuwes," Santino akasema, maana yake ni safi.

Tukaigeuza upande wangu. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa bado natazama nyuma, nikitafuta doa kwa Apollo, Lual alipoita.

"Mzee, njoo uone."

Kwenye kiungo cha mbele kushoto palikuwa na doa la ukubwa wa punje ya mtama. Likawa la ukubwa wa kifungo. Kisha likateremka mstari, jeusi juu ya nyeupe, taratibu, bila haya.

Lual akanyanyuka, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Hakujua nani alichomelea ncha ipi, alikuwa Bor. Niliamini tunaojua ni mimi na Apollo tu.

"Hii ni ya nani?"

Nilinyoosha kidole. Mkono ulikwenda wenyewe, kabla kichwa hakijapata la kusema. Nilimnyooshea Apollo.

Aliinama juu ya kiungo, akafuta chaki kwa kidole gumba, akautazama mshono. Fundi anaujua mshono wake kama anavyojua saini yake. Mawimbi yangu ni mapana na yanalala kulia, yake ni madogo na yamebanana. Hata kipofu angeyatofautisha kwa kugusa. Aliutazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Ndiyo," akasema. "Hii iko yangu."

Watu wakaanza kupiga kelele. Santino akasema kwa Kiarabu cha hapa jambo ambalo sitaliandika, akatema mate, akasema hata trela basi itakuwa ni yeye. Mtu mmoja akamsukuma Apollo begani. Apollo hakusukuma. Alichukua shati lake kwenye uzio, akaenda.

Lual alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, ungeniacha ningekufa kwenye hii kitu."

Ndilo nililolitaka tangu mwezi wa pili. Limetimia lote. Na bado sijashiba.

Jumatatu, 20 Julai.

Nimekata kiungo kile na kukirudia. Ndani palikuwa na ufa ambao mtoto angeuona. Nimepata kazi tatu za matrela. Kwa Apollo leo hakuja mtu.

Alhamisi, 23 Julai.

Nilikwenda kula. Namukasa akafunika sufuria.

"Chakula imekwisha?"

"Chakula iko." Alifuta meza mbele yangu polepole. "Muze, mimi nakaa hapa asubuhi mpaka jioni. Napika nikiangalia wapi? Mimi naangalia nyinyi. Ile kona naijua ni ya nani."

Nilishika sahani tupu iliyokuwa mezani.

"Na vijiti ya Apollo ililoa, kweli. Akaleta hapa kwa jiko yangu, akakausha siku mbili, mimi nikamtukana anamaliza makaa. Tangu ile trela anakausha kila siku." Akaninyang'anya sahani. "Ameniambia ninyamaze. Mimi nanyamaza. Lakini posho tafuta ng'ambo."

Sasa nakula ng'ambo ya daraja. Natembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, katika matope.

Jumapili, 2 Agosti.

Apollo amekuja yadini kwangu. Mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Nilishika nyundo, lakini yeye alikaa juu ya ndoo.

"Mukenya, ile trela ilikuwa kazi yangu. Wale watu walikuja na fimbo, mimi nikaogopa. Nikaonyesha wewe."

"Najua."

"Wewe ulikaa ndani siku tisa. Mimi sasa nimekaa na jina mubaya siku kumi na tano. Nimebeba yako, wewe ulibeba yangu. Khalas. Tumemaliza."

Akanyoosha mkono.

Sikuushika. Nilimwambia hatujamaliza. Aliinua mabega, akaondoka, na alipofika kwa dada yake nilimsikia akipiga mluzi. Mluzi! Mtu hana kazi, anatukanwa na madereva, na anapiga mluzi kama aliyetua mzigo.

Jumanne, 4 Agosti.

Sina usingizi. Nilitaka apige kelele, aape, aite mama yake, watu wasimwamini, kama mimi. Badala yake amejitwika kosa langu kwa hiari yake, mbele ya watu thelathini, na sasa yeye ndiye mwungwana. Kisasi changu amekichukua mkononi mwangu akakifanya malipo yake. Nani alimruhusu?

Ijumaa, 7 Agosti.

Mvua kubwa. Nimefikiri.

Jumapili, 9 Agosti.

Nimefanya. Walipotoka kanisani, wamejaa kwa Namukasa, Lual yupo, Santino yupo, Apollo yupo na Biblia yake, nilisimama mlangoni nikasema: "Kile kiungo kilichovuja kilikuwa changu. Nilidanganya. Apollo naye alidanganya. Vyake vyote vinne vilikuwa vizima."

Asije mtu akasoma hapa akadhani nilitubu. Sikutubu. Kama kosa si lake, basi hajalipa. Na kama hajalipa, siku zangu tisa bado ziko palepale na dai langu liko palepale. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Na yeye alilielewa kabla ya wote. Aliruka kutoka kwenye benchi, chai ikamwagika. "Wewe mutu mubaya! Wewe mutu mubaya kabisa! Mimi nilikuwa nimemaliza!" Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Santino akamwuliza amemaliza kitu gani, na kwa hasira Apollo akayatoa yote, trela, upande wa kushoto, fimbo, kidole. Yote, kwa mdomo wake mwenyewe.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa sauti nzuri.

Lual hakupiga kelele. Alikwenda nyuma, tukasikia grainda inawaka. Tulipofika alikuwa ameanza kukata.

"Viungo vyote vinane nitarudia mwenyewe," akasema. "Nyinyi wawili mtaniua mkiwa mnaangaliana."

Jumatano, 26 Agosti.

Santino amesema atatafuta fundi mwingine, Mwethiopia. Amesema mimi na Apollo tuchomelee vitanda. Nachomelea vitanda. Na yeye anachomelea vitanda.

Jumamosi, 5 Septemba.

Lual hataki nivuke uzio, wala Apollo avuke wake. Anachomelea katikati peke yake. Mkono wake bado mzito, anakaa mahali pamoja mpaka chuma kinatoboka. Leo nilishindwa kuvumilia.

"Sogeza! Usilale hapo!" nikapiga kelele kutoka upande wangu.

"Punguza moto!" Apollo akapiga kelele kutoka upande wake.

"Moto uko sawa, ni mkono!"

"Ni moto! Mukenya haoni!"

Lual alivua kioo, akatutazama huku na kule. "Mkono ama moto?"

"Mkono!"

"Moto!"

Akapunguza moto na akasogeza mkono. Mshono ukatoka umenyooka. Hakuna kati yetu aliyesifu.

Jumatatu, 14 Septemba.

Namukasa amenipa posho tena. Amesema ni kwa sababu anachoka kuniona nikirudi na matope. Maharagwe yalikuwa machache.

Jumamosi, 26 Septemba.

Viungo vyote vinane vimejaribiwa kwa chaki. Vyeupe. Mishono ina sura mbaya, imejaa mabonde na vilima, lakini haikuvuja hata mmoja. Lual amewasha injini akaenda mpaka darajani na kurudi, amekaa chini kiasi kwamba mbuzi walikuwa wakimtazama kutoka juu. Watoto walimkimbilia. Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio, Apollo upande wake. Hatukusalimiana.

Jumapili, 4 Oktoba.

Nasimiyu amepiga tena, ameuliza nitarudi lini, na safari hii amesema nitaje siku. Nilitaka kusema tarehe kumi na mbili Desemba. Kisha Namukasa akaniambia kwamba Apollo anakwenda kwao Masaka tarehe kumi na tatu. Nilifikiri juu ya siku ile moja, yeye akiwa huku bila mimi, akiwasimulia watu apendavyo, asiwepo wa kumsahihisha.

Nimemwambia Nasimiyu nitapanda basi Jumatatu, tarehe kumi na nne. Nitafika nyumbani Jumatano, tarehe kumi na sita Desemba, ikiwa Apollo hataahirisha.